Mapishi ya akiba kabla ya kujifungua: Friza husaidia, lakini haiui bakteria



Katika nyumba zetu nyingi, maandalizi ya kumpokea mtoto huishia kwenye nguo, beseni na vifaa vya kwenda navyo hospitali. Chakula cha mama atakaporudi nyumbani hakizungumzwi, kwa matumaini kwamba bibi au shangazi atakuja kutoka mkoani. Siku hizi familia nyingi za mjini zinaishi mbali na ndugu, na huyo shangazi naye ana kazi na watoto. Matokeo yake wapo akina mama ambao siku ya tatu wanasonga ugali ilhali mshono bado haujapona, na wengine hushindia chai na mkate huku wakinyonyesha.

Tukumbuke kuwa chakula cha mama anayenyonyesha si hisani. Katika Suratul Baqara, aya ya 233, Allah (s.w) ametaja kunyonyesha, na hapo hapo akamwekea baba jukumu la chakula na mavazi ya mama kwa kadiri ya desturi njema. Naye Bibi Aisha (r.a) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake. Kwa hiyo somo hili ni la baba pia, si la mama peke yake.

Lini kuanza?

Mtoto aliyetimia huzaliwa kuanzia wiki ya 37 ya ujauzito, lakini wapo wanaowahi. Ni vizuri kuanza kupika akiba wiki ya 32 na kumaliza wiki ya 36. Chakula kilichopikwa na kugandishwa vizuri hubaki na ladha yake kwa miezi miwili hadi mitatu, hivyo kitatosha hadi katikati ya arobaini.

Mjamzito asijichoshe kwa kupika vyungu vitano siku moja. Siku ya kupika maharage, pika mara mbili ya kawaida: nusu iliwe, nusu iwekwe akiba. Wiki inayofuata fanya hivyo kwa kuku au nyama. Kazi ya kuinua sufuria nzito na kuchochea mkaa aifanye baba au vijana wa nyumbani.

Nini kinafaa?

Maharage, kunde, choroko, mchuzi wa nyama, supu ya kuku, kisamvu kilichochemshwa, chapati na sambusa mbichi hugandishwa bila tatizo. Chapati zitenganishwe kwa karatasi safi ili zisishikane. Viazi mviringo huwa na majimaji vikigandishwa, mayai ya kuchemsha huwa kama mpira, na tui la nazi hukatika. Kwa hiyo kisamvu au maharage yagandishwe bila tui, na tui liongezwe siku ya kupasha. Ugali na wali vipikwe siku hiyo hiyo. Hiyo ni kazi nyepesi ambayo baba anaiweza.

Mama aliyepoteza damu anahitaji madini ya chuma, nayo yamo katika nyama, maharage na mboga za majani. Ndimu au chungwa pamoja na mlo husaidia mwili kuyafyonza, wakati chai inayonywewa na chakula huyapunguza. Kama kliniki imempa vidonge vya kuongeza damu, aendelee navyo kama alivyoelekezwa.

Usalama ndio msingi

Ndugu msomaji, wengi hudhani baridi ya friza inaua vijidudu. Sivyo. Baridi huwalaza tu, na chakula kikiyeyuka huamka na kuendelea kuzaana. Baadhi ya bakteria, wakipata joto linalowafaa, huongezeka maradufu kila baada ya dakika 20. Mmoja akiachwa hivyo kwa saa saba, anaweza kuwa zaidi ya milioni mbili. Wanastawi hasa katika joto la kati ya nyuzi 5 na 60, na joto la jikoni kwetu limo humo humo. Basi fuata hatua hizi:

1. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kupika. Kisu na ubao wa nyama mbichi visitumike kwa chakula kilichoiva kabla ya kuoshwa.

2. Chakula kikiiva, kisikae nje zaidi ya saa mbili. Weka sufuria ndani ya beseni la maji baridi na ukoroge, kisha gawa chakula katika vyombo vifupi, kina cha sentimita tano hivi, ili kipoe haraka. Sufuria nzima ya moto ikiingizwa kwenye friza, katikati hubaki na joto kwa saa nyingi na vyakula vya jirani huanza kuyeyuka.

3. Tumia vyombo vya chakula vyenye mfuniko. Ndoo za rangi na makopo ya dawa hayafai hata yakioshwa mara ngapi. Acha nafasi juu, kwa sababu maji yakiganda hutanuka.

4. Gawa kwa kadiri ya mlo mmoja, andika jina la chakula na tarehe. Friza iwe na baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, na friji isizidi nyuzi 4.

5. Kuyeyusha, hamisha chombo kutoka friza kwenda friji usiku wa kuamkia siku ya kula, au weka supu iliyoganda moja kwa moja jikoni kwa moto mdogo. Usikianike juani wala kukiacha mezani tangu asubuhi.

6. Pasha mpaka kichemke chote, si pembeni tu. Kilichobaki baada ya kupashwa kisirudishwe kwenye friza.

Wali na pilau vinahitaji uangalifu zaidi. Mbegu za bakteria mmoja wa kwenye mchele hustahimili kupikwa. Wali ukilala nje usiku kucha, hutoa sumu ambayo haiondoki hata ukiupasha mpaka uungue.

Yupo pia bakteria aitwaye Listeria, ambaye huongezeka hata ndani ya friji na hafi kwa kugandishwa. Kwa mjamzito anaweza kuharibu mimba au kumwambukiza mtoto. Afrika Kusini, mwaka 2017 na 2018, alienea kupitia soseji za polony. Watu zaidi ya 1,000 waliugua, zaidi ya 200 walifariki, na sehemu kubwa ya wagonjwa walikuwa watoto wachanga. Kwa hiyo mjamzito asile kiporo cha baridi bila kukichemsha.

Umeme ukikatika

Iwe ni mgao au LUKU imeisha usiku, usifungue friza. Iliyojaa huhifadhi baridi kwa takribani saa 48, iliyo nusu saa 24. Gandisha kikombe cha maji, kisha weka sarafu juu ya barafu na ukiache humo. Ukirudi safarini ukikuta sarafu imezama chini, ujue friza iliyeyuka, na chakula hicho kitupwe hata kama hakinuki. Kutupa ovyo ni israfu, lakini kumlisha mzazi sumu ni madhara makubwa zaidi.

Siku ya saba, familia inapofanya akika, nyama huwa nyingi. Igawanywe mapema kwa ndugu, majirani na masikini, na ya nyumbani igandishwe vipande vidogo siku hiyo hiyo.

Wasio na friza wasikate tamaa. Chagueni na kuanika nafaka, sageni unga wa uji, wekeni maharage, mchele, karanga na tende. Kisha majirani na akina mama wa darsa wapangiane zamu ya kuleta chakula cha moto.

Tahadhari ya mwisho: mama akipata homa katika nifasi, msiseme ni chakula au malaria mkakaa nyumbani. Homa, damu nyingi, maumivu makali ya kichwa au ya tumbo, na degedege ni dalili za hatari. Awahishwe hospitali saa hiyo hiyo, iwe mchana au usiku.

Tunamuomba Allah (s.w) awajaalie wazazi wote wajifungue salama na awape watoto wema. Wabillahi tawfiq.