Mpiga Mishale wa Milima ya Iveti

Kwenye vibanda vya gemu vya Machakos sheria ni moja: anayefungwa anaachia pedi. Mpira ni wa dakika chache, benchi limejaa vijana wanaongoja zamu, na kila mmoja wao anajua kosa lako kabla hujalifanya. Hapo huna nafasi ya kutafuta mtindo wako. Unashambulia, unafungwa, unachekwa, unaondoka.

Gemu za RPG, zile ambazo unamvaa mhusika na kuishi maisha yake, hazikai kwenye kibanda. Huwezi kulipa kwa mechi wakati mechi yenyewe ni safari ya saa 50, na hata ungelipa, kesho ungekuta mtoto wa watu ameifuta sevu yako. Kwa hiyo mtu hukutana nazo nyumbani, peke yake, kwenye PS4 ya mkono wa pili au laptopu ya ndugu aliyemaliza chuo, akiwa amebeba tabia zote za kibandani. Anaruka mazungumzo. Anatafuta goli liko wapi. Mpwa wangu alianza hivyohivyo, na jioni ya pili aliweka pedi chini akanigeukia: "Mjomba, hawa watu wanaongea sana. Sasa namfunga nani?"

Humfungi mtu. Ndiyo sababu inabidi ujue kwanza unapenda kucheza vipi, na njia ya kujua si kuuliza marafiki. Jioni tatu za kwanza usijaribu kucheza vizuri. Cheza tu, ukiwa na daftari kando. Ukifika mji mpya unaelekea wapi: kwa mwenye misheni, dukani, au nyuma ya nyumba kuona kama kuna sanduku? Mtu akianza kukusimulia ya kwake, kidole chako kiko wapi? Adui yuleyule akikuua mara tatu, mara ya nne unafanya nini? Na mfukoni una vitu gani ambavyo hujawahi kuvigusa? Andika ulichofanya, si unachotamani kuwa umefanya. Wengi wetu tunajiona mashujaa, kumbe daftari linasema tumetumia saa nzima tukiuza viatu vya maiti.

Kuna mgawanyo maarufu wa wachezaji uliotolewa mwaka 1996 na Mwingereza Richard Bartle: wanaotaka mafanikio, wanaopenda kupeleleza, wanaofuata watu, na wanaotafuta wa kupiga. Unafaa kiasi, ila Bartle alikuwa anazungumzia gemu za watu wengi mtandaoni. Mtu aliye peke yake sebuleni, akishindana na hadithi na muda wake mwenyewe, huangukia makundi mengine.

Tuanze na wa hadithi. Daftari likionyesha ulifuata misheni kuu moja kwa moja na kusikiliza kila neno, usijitese: weka ugumu wa chini kabisa. The Witcher 3, ya mwaka 2015, ina ngazi iliyotengenezwa kwa ajili yako, ya mtu anayetaka hadithi tu. Vijana wa benchi watakucheka, lakini si wao wanaokununulia tokeni za stima. Alama za kuuliza zilizotapakaa kwenye ramani ziache zilivyo. Misheni za pembeni chukua zile zinazotoka kwa mtu mwenye jina na shida inayoeleweka; hizo ndizo zina nyama.

Kinyume chake ni mchokonoaji, anayegeuza kila jiwe. Nina huruma naye kwa sababu mimi ni mkazi wa Machakos. Mji huu ulikuwa kituo cha utawala kabla Nairobi haijawa mji, kisha reli ikapita mbali nasi, na mwaka 1899 ikafika kwenye kinamasi ambacho leo ni jiji kuu. Kwa lugha ya gemu, misheni kuu ilituruka. Anayefuata mshale wa ramani hawezi kufika Kyamwilu, kilomita chache kutoka mjini, akamwaga maji barabarani na kuyaona kama yanapanda mlima. Mchokonoaji atafika. Tatizo lake ni kwamba akichokonoa kila pembe, levo yake inapanda kupita hadithi, na bosi aliyetakiwa kumtisha anakufa kwa mapigo mawili. Dawa yake ni kujiwekea mipaka ya eneo: chokonoa bonde moja mpaka ukinai, kisha lazima usogeze misheni kuu hatua moja kabla ya kuingia bonde la pili. Na ikiwa gemu inakuonyesha kila kitu kwa alama, zizime. Kuchokonoa mahali palipokwisha kuonyeshwa ni kutumwa dukani tu.

Ndugu yake ni mweka akiba. Huyu humaliza gemu akiwa na chupa tisini za dawa alizokuwa anazitunzia siku mbaya, siku mbaya ikaja, akafa bila kufungua hata moja. Kwenye gemu ya Skyrim unaanza na uwezo wa kubeba uzito wa 300, na mfupa mmoja wa joka una uzito wa 15. Wafanyabiashara wa Kikamba waliokuwa wakipeleka pembe za ndovu pwani karne ya 19 walijua gharama ya mzigo, kwa sababu kila kilo ilikuwa juu ya bega la mtu. Fanya kama wao: kila unaporudi mjini, chochote ambacho hukukitumia katika safari mbili kiuze. Kabla ya kila bosi, chagua vitu vitatu ambavyo ni lazima viishe humo. Mara ya kwanza utaumia roho. Vumilia.

Sasa nifike kwa mpiga mishale, maana ndiye aliyenifanya niandike haya.

Skyrim, iliyotoka mwaka 2011, haikuulizi mwanzoni kama wewe ni askari, mchawi au mwizi. Ujuzi unakua kadiri unavyoutumia: ukipiga upanga, upanga unapanda, ukinyata, kunyata kunapanda. Inaonekana ni uhuru mtupu, na kila mtu huanza na ndoto yake. Mmoja anataka kuwa mchawi wa moto, mwingine shujaa wa shoka la mikono miwili. Baada ya saa 20, karibu wote wamechuchumaa gizani na upinde mkononi. Wachezaji wa dunia nzima wanalifanyia utani jambo hili, na sababu yake ni hesabu tupu. Mshale unaompata adui asiyekuona una nguvu maradufu, baadaye mara tatu, na wewe uko mbali usikoguswa. Halafu kila mshale unaompata adui unakupandishia ujuzi, ujuzi unaupa mshale unaofuata nguvu zaidi, na hakuna tena sababu ya kushika kitu kingine.

Nilijaribu mara tatu kuwa mchawi. Mara zote nikaishia juu ya mwamba na upinde. Mpwa wangu alipoona ya tatu alisema ni damu: Wakamba wamesifika tangu zamani kwa upinde na mishale yenye sumu, kwa hiyo mimi sina kosa. Nilikubali, kwa kuwa ni kisingizio kizuri. Lakini ukweli ni kwamba sikuwa nimechagua chochote. Gemu ndiyo iliyonifuga, jinsi mbuzi anavyofuata pale majani yalipo laini.

Ukiona umefugwa hivyo, kujiambia "nitajitahidi kubadilika" hakusaidii. Uza upinde. Si kuuweka kwenye sanduku la nyumbani, kuuza, kwa sababu siku ya shida utalikumbuka sanduku. Pili, chagua silaha inayokulazimisha kusimama mahali pengine: kisu kinakutaka ufike hadi shingoni mwa adui, uchawi wa kuita viumbe unakutaka ubaki nyuma na kutazama. Kitu cha kubadilisha ni umbali wako na adui, maana ukiacha upinde ukachukua fimbo ya moto inayorusha vilevile kutoka juu ya mwamba, umebadilisha rangi ya mshale tu. Tatu, kubali kuwa dhaifu kwa jioni kama mbili. Wengi hurudi kwenye upinde usiku ule wa kwanza wanapouawa na mbwa mwitu.

Anayecheza kwa hesabu, yule wa kujumlisha nguvu na kinga kabla ya kuvaa kofia, simwambii mengi. Ana majedwali yake na anafurahi. Ombi langu kwake ni asisome mpango wa mtu mwingine katika mzunguko wa kwanza. Ukivaa hesabu iliyokwisha kufanywa, kilichobaki ni kubonyeza.

Mwigizaji ana kazi ngumu zaidi. Yeye hajiulizi njia ipi ina faida, anauliza mhusika wake angefanya nini. Wanaoanza hukosea kwa kumtungia mhusika ukoo mrefu wa kurasa tatu ambao hautumiki popote. Mistari mitatu inatosha: anamtafuta nani, anaogopa nini, na jambo gani hatalifanya hata kwa dhahabu. Huo mstari wa tatu ndio wenye kazi, na lazima uwe na gharama. "Haui watoto" haugharimu kitu, kwa kuwa gemu nyingi hazikuruhusu kuua watoto hata ukitaka. "Haibi" unauma, maana kila mlango uliofungwa utakukumbusha. Mpwa wangu sasa ana mhusika asiyesema uongo. Ndani ya Baldur's Gate 3, ambako karibu kila mazungumzo yanakupa mlango wa kudanganya, hiyo ni safari nyingine kabisa.

Gemu hiyo ya mwaka 2023 inatupa dadu la pande ishirini mbele ya macho yako unapojaribu kumshawishi mtu, na hapo ndipo anapoibuka mrudishaji: dadu likikataa, anafungua sevu ya dakika mbili nyuma na kujaribu tena mpaka likubali. Sina ugomvi na anayefanya hivyo kwa sababu ana saa moja tu usiku na kesho yuko kazini. Ila jua unachopoteza. Kushindwa kwenye Baldur's Gate 3 mara nyingi kunafungua tukio ambalo mshindi halioni. Njia ya kati ipo ndani ya gemu yenyewe: unaweza kujiwekea hadi nafasi nne za kurudia dadu, unazozipata kwa kucheza kulingana na historia ya mhusika wako. Tumia hizo, zikiisha kubali matokeo. Waundaji wengine walimwinda mrudishaji kwa makusudi. The Witcher 3 inaweka matokeo ya uamuzi wako saa kadhaa mbele, ambako sevu ya kurudia imeshapotea. Undertale, ya mwaka 2015, inakumbuka: ukimuua mhusika wa mwanzoni, ukarudi nyuma na kumwacha hai, kuna ua linalozungumza litakalokuambia limeona ulichofanya. Ua hilo na kuua kwako, Kiswahili kimefanya utani wake chenyewe.

Kuhusu ugumu nina neno moja. Unapotoka nje mwanzoni mwa Elden Ring, kuna mpanda farasi wa dhahabu anazunguka karibu na njia. Tabia ya kibandani inasema upigane naye mpaka ashindwe. Mzunguke. Nenda kwingine, urudi levo kumi baadaye. Gemu ile haina kitufe cha kupunguza ugumu, kwa hiyo ramani ndiyo kitufe chenyewe, na anayekufa mara arobaini mahali pamoja hajakibonyeza.

Halafu kuna stima, ambayo hakuna mwongozo wa kigeni utakaoitaja. Mtindo wako lazima ulingane nayo. Ukiishi mahali ambapo inakatika kila mvua ikinyesha, usitegemee sevu ya gemu yenyewe: sevu kwa mkono kila unapoingia mjini na kabla ya kila mlango mkubwa, na uwe na sevu tatu za kupokezana, kwa sababu stima ikikatika katikati ya kusevu, ile moja inaweza kuharibika. PS4 usiilaze usiku ukidhani itaamka ulipoiacha, zima kabisa. Laptopu yenye betri nzima inamfaa mwigizaji na wa hadithi, ambao wanaumia zaidi wakikatizwa. Bando nalo lipangie: Baldur's Gate 3 inataka nafasi ya GB 150 kwenye kompyuta, na hiyo si kitu cha kupakua kwa simu. Mwenye simu pekee asijione maskini. Chrono Trigger ya mwaka 1995 ipo kwenye simu, ina miisho mingi, na ndiyo iliyoupa umaarufu ule mtindo wa kuanza upya ukiwa na nguvu zako zote za mzunguko uliopita.

Kuanza upya, basi, ndiko mtindo unakoonekana. Mzunguko wa pili usibadilishe kila kitu. Fungua daftari la jioni tatu za kwanza, chagua tabia moja, ipige marufuku, mengine yaache yaende yalivyo. Mimi nimejikataza upinde. Mpwa wangu, aliyekuwa anaruka mazungumzo, amejikataza kubonyeza kitufe chochote mtu akiwa anaongea. Anaweka pedi mapajani na mikono kichwani kama aliyekamatwa.

Juzi alikuwa mbele ya mlinzi wa lango anayeuliza swali moja, na jibu la uongo lingempitisha. Alikaa akiyatazama majibu manne kwenye skrini kwa muda mrefu hadi susu, yaani nyanya yake, akaja kuuliza kama mashine imeharibika. Halafu stima ikapotea, mtaa mzima. Gizani nikasikia anapapasa meza. "Mjomba, niwashie tochi ya simu," alisema. "Nataka kuandika atakachomjibu kabla sijasahau."