Hukumu ya Kuagiza Kazi ya Kutarizi

Ndugu Waislamu, huko Nairobi, katika Kibera na Kawangware, wako kina mama watarizio mashuka na vitambaa majumbani mwao kwa kuagizwa, kama tuagizavyo kofia sisi wa Pwani. Chumo lao ni halali, nalo ni mali yao, si ya waume zao. Bibi Zaynab binti Jahsh, mkewe Mtume (s.a.w.), alifanya kazi kwa mikono yake akatoa sadaka.

Lakini yapasa kujua hukumu. Mwenye kuagiza akileta kitambaa na uzi wake, hiyo ni ijara: kazi na ujira vijulikane kabla ya sindano kuingia. Ikiwa vyote ni vya fundi, kwa Mashafii hiyo ni salam, na bei yote hutolewa papo hapo penye mapatano. Je, apokeaye nusu tu amekosa? Mahanafi wameijuzisha istisnaa. Na Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, iliyokutana Jidda mwaka 1992, iliamua kuwa mkataba huo huwafunga wote wawili, na malipo yaweza kucheleweshwa au kutolewa kwa mafungu.

Basi na viandikwe kitambaa, rangi, ua, kipimo, bei na siku. Ewe uliyeagiza, kulikataa shuka lililokwisha kutariziwa jina la bibi arusi wako ni dhuluma. Nani mwingine atalinunua? Nawe fundi, kuahidi Ijumaa hali wajua haiwezekani ni uwongo.

Wallahu aalam.