SOMO LA JIKONI: MOSHI NI KUNI ZISIZOUNGUA



Somo hili ni lako wewe mkimbizi unayepikia kuni, uwe kambini au umepanga chumba mjini Kigali, kama huku Rebero. Rebero ni kilima cha Kicukiro. Jioni baridi ikishuka, mlango hufungwa na moshi hubaki ndani pamoja nasi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, hasa moshi wa kupikia, iliua watu milioni 3.2 duniani. Akina mama na watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi, kwani ndio wanaokaa karibu na moto.

Moshi unatoka wapi?
Kuni zikipata joto hutoa gesi. Gesi hiyo ikikutana na moto mkali na hewa ya kutosha, huwaka na kuivisha chakula. Ikikosa, hutoka kama moshi. Kwa hiyo moshi ni kuni ulizobeba kichwani au ulizonunua, zikipotea bure. Kuni mbichi za mkaratusi zinaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Moto huyakausha kwanza maji hayo kabla ya kuchemsha sufuria yako.

Fanya hivi:
1. Pasua kuni ziwe nyembamba. Zipange juu ya mawe, chini ya paa, upepo upite katikati. Anza kabla ya mvua za Machi na za Septemba. Usizianike juu ya jiko linalowaka.
2. Tumia rondereza ukiweza. Jina hilo kwa Kinyarwanda lina maana ya kubana matumizi. Usijaze mdomo wa jiko; sukuma kuni kidogo kidogo, na ondoa majivu ili hewa ipite.
3. Loweka maharage usiku kucha, na funika sufuria.
4. Usichome plastiki wala mbao zilizopakwa rangi. Moshi wake ni sumu.
5. Chakula kikiiva, vuta kuni nje na uzizime kwa mchanga. Zitafaa kesho.

Usalama
Fungua mlango na dirisha unapopika. Weka jiko mbali na godoro, pazia na hema, na uwe na ndoo ya mchanga au maji karibu. Mtoto akiungua, mwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake mafuta wala dawa ya meno. Mpeleke kituo cha afya.

Jambo kubwa kuliko yote: usiingize mbabula yenye makaa chumbani mnamolala, hata kama moshi umekwisha. Makaa mekundu hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Familia inaweza kulala ikiota moto na isiamke. Mkisikia kichwa kinauma na kichefuchefu karibu na makaa, tokeni nje wote mara moja, kisha mtafute msaada.

Maswali ya kujadili nyumbani
1. Kuni zetu huwekwa wapi mvua inaponyesha?
2. Usiku wa leo mbabula italala wapi?
3. Nani atamfundisha jirani asiyejua kusoma?