SUMAKU NA KIFUA: JE, MASHINE KUBWA HUONA KILA KITU?

Mtu akikohoa sana utasikia watu wakisema, "Huyu apelekwe MRI!" Ati kwa sababu mashine ni kubwa na ni ghali, basi huona kila kitu. Je, ni kweli? Hebu tuchambue.

Mwili wetu umejaa maji, na ndani ya maji mna haidrojeni. MRI ni sumaku yenye nguvu nyingi mno. Mgonjwa hulazwa ndani yake, mawimbi ya redio yakatumwa mwilini, nayo haidrojeni huyajibu. Kompyuta hugeuza majibu hayo yakawa picha. Lauterbur wa Marekani na Mansfield wa Uingereza walituzwa Nobeli mwaka wa 2003 kwa kazi hiyo.

Sasa tuje kifuani. Moyo, mishipa mikubwa ya damu na uvimbe ulio karibu na uti wa mgongo huonekana vizuri. Lakini pafu limejaa hewa, na hewa haina haidrojeni ya kutosha. Isitoshe, pafu halitulii, kwani tunapumua kila wakati. Ndiyo maana picha yake hutoka hafifu. Kwa mapafu, eksirei iliyovumbuliwa na Röntgen wa Ujerumani mwaka wa 1895 ndiyo hutangulia.

Kwetu jambo hili si mchezo. Kule Nyatike, Migori, wachimba dhahabu huvuta vumbi la mawe. Vumbi hilo huacha makovu mapafuni na kukifungulia kifua kikuu mlango. Homa Bay nayo, virusi vya UKIMWI vimeenea kuliko sehemu nyingi za Kenya, navyo hudhoofisha kinga ya mwili. Baba akingoja auze ng'ombe apate pesa za MRI, huenda akaambukiza nyumba nzima! Viini vya kifua kikuu hutafutwa kwenye makohozi. Katika hospitali za serikali kipimo hicho ni bure, na dawa za miezi 6 vilevile.

Basi ndugu zangu, ukiona mtu anakohoa bila kupona, anatokwa na jasho usiku na anakonda, mhimize aende kwenye zahanati iliyo karibu leo, si kesho. MRI tuwaachie madaktari waiitishe inapohitajika. Wahenga hawakukosea: mficha maradhi kifo humuumbua.