Barabara za Luena: fagio liwe la mwisho

Mwezi wa tisa ndio wakati wake. Kiangazi kimekwisha kutumwagia vumbi lote, mvua za mwezi wa kumi hazijagonga bati, na udongo bado mwepesi kwa beleshi. Mkingoja mwezi wa kumi na moja, mtakachofagia ni poto-poto, na maji yatakuwa yamekwisha kujichagulia njia yake: katikati ya barabara, au mlangoni kwa mtu.

Tanzania walifanya siku kubwa ya usafi tarehe 9 Desemba 2015. Rais Magufuli alikuwa amefuta sherehe za Uhuru, akashika fagio mwenyewe, kwa sababu kipindupindu kilikuwa kinaua watu. Ilikuwa picha nzuri, lakini mvua za vuli zilikuwa zimekwisha kuanza. Sisi wa Haut-Lomami, ambao kipindupindu tunakijua kutoka Bukama na maziwa ya Upemba, hatuna sababu ya kungoja ugonjwa ndio utupangie tarehe.

Salongo, kazi ya pamoja ya usafi, tumeirithi tangu enzi za Mobutu, na ugonjwa wake mmoja haujapona: watu wanaanza na fagio. Jumamosi asubuhi vumbi linasukumwa kutoka mbele ya ofisi na maduka hadi kando ya barabara, na kando ndiko uliko mfereji. Anzeni bondeni. Tafuteni mahali maji yanapomwagikia, kijitoni au mabondeni, mpazibue kwanza, halafu mpande mkichimba kuelekea juu. Mkianza juu, kila beleshi la tope linateremka na kuziba pale chini ambako hamjafika.

Bomba linalopita chini ya barabara lataka watu wawili. Mmoja ainame upande huu, mwenzake upande wa pili. Wasipoona mwanga, limeziba. Mara nyingi ni sashe za maji, matawi na mchanga ulioshikana kama saruji. Tumieni mti mrefu wenye kijembe nchani, mkivuta kidogo kidogo mkiwa upande wa chini. Kumwingiza mtoto mle ndani kwa kuwa ni mwembamba ni jambo la kukatazwa hata kama mwenyewe anataka.

Majani ya mferejini yakatwe kwa panga, yasing'olewe. Mizizi ndiyo inayoshika kingo, na mfereji uliochunwa mpaka udongo mwekundu ukaonekana unapendeza siku moja tu, kisha unabomoka na kula barabara. Mchanga mliotoa usiachwe ukingoni. Pakieni kwenye pusupusu siku ile ile. Wala msiumwage kando ya reli, maana reli nayo ina mifereji yake, na tuta likilainika treni ya Kamina haifiki.

Sasa takataka. Kwingine mtu huwasha kiberiti, akaenda zake. Hapa Luena mji umekua juu ya makaa ya mawe, na jambo hilo libadilishe tabia yetu. Huko Centralia, mji wa wachimbaji katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, moto uliwaka chini ya ardhi mwaka 1962. Maelezo yanayokubaliwa zaidi ni kwamba ulianzia kwenye jalala lililochomwa ndani ya shimo la mgodi wa zamani. Ulishika mwamba wa makaa, na hadi leo haujazimika. Watu zaidi ya elfu moja walihama hadi mji ukabaki karibu barabara tupu. Kwa hiyo msichome chochote karibu na mashimo ya zamani wala juu ya malundo meusi ya mabaki ya mgodi. Majani na maganda yazikwe mbali na visima yaoze, yatakuwa mbolea ya mihogo; plastiki zikusanywe kwenye gunia lake.

Baada ya hayo ndipo fagio. Nyunyizeni maji kidogo, kiasi cha kutuliza vumbi tu, hasa penye unga wa makaa, kwa sababu unga huo ukiwakaukia kooni mtakohoa wiki nzima. Fagieni kwa kufuata upepo, asubuhi kabla malori na baiskeli za makala hazijaanza, kitambaa kikiwa kimefunika pua. Fagio la njiti za mngazi lenye mpini mrefu linaokoa mgongo. Lile fupi la uani libaki uani.

Mashimo ya barabarani yasijazwe na taka za mfereji. Zina majani, zitaoza, shimo litarudi. Chongeni shimo liwe na kuta zilizosimama, mtoe tope lote, mjaze changarawe nyekundu yenye unyevu kwa tabaka nyembamba, kila tabaka ishindiliwe kwa gogo zito, na ya juu ipande kidogo kuliko barabara ili maji yateleze kwenda mferejini.

Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, mwakilishi wa kila avenyu azunguke angali analowa, aone maji yanaposimama na apaweke alama ya kigingi. Shefu wa kartie naye aweke kizuizi: lori la mizigo lingoje saa kadhaa barabara ikauke. Dereva atalalamika kwamba mahindi yanaoza. Mwambieni alale kidogo.