Dondoo muhimu: Mwili ukikudanganya angani

Ndege ya Kenya Airways namba 507 iliruka kutoka Douala, Kameruni, usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007. Nahodha aliamini kwamba mtambo wa kujiendesha umeshika usukani, kumbe haukuwashwa. Katika giza lile ndege ikalalia kulia polepole, na mwinamo wa polepole sikio la ndani halihisi. Onyo lilipolia, usukani ulizungushwa huku na huku, ndege ikazidi kulala. Watu wote 114 walikufa. Kwa hiyo, rubani, usiuamini mwili wako: tazama kipimo cha upeo wa macho, nyoosha mabawa, kisha dhibiti pua na mwendo, redio isubiri.

Wapo wanaosema mitambo ya leo ni makini kuliko mkono wa binadamu. Ni kweli, na imeokoa wengi. Lakini mara nyingi huachia usukani pale hasa mambo yanapoharibika, kama ilivyotokea kwa ndege ya Air France namba 447 mwaka 2009, barafu ilipoziba mirija ya kupimia mwendo. Saa hiyo si ya kujifunza upya kurusha kwa mkono. Mashirika, wapeni marubani nafasi ya kurusha kwa mkono mara kwa mara.