Kujaribu si Kuthibitisha

Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, hebu chukueni kalamu. Chagua namba, izidishe kwa yenyewe, ongeza namba ile ile, kisha ongeza 41. Ukianza na 1 utapata 43. Ukianza na 2, 47. Ukianza na 3, 53. Zote ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Endelea hadi 39, hutaona kasoro. Mtu atasema, "Si umeona? Kanuni haikosei!" Haya, ajaribu 40. Atapata 1,681, ambayo ni 41 mara 41. Majaribio 39 yamefaulu, la 40 limeangusha kila kitu!

Tarakilishi nazo ni vivyo hivyo. Kuijaribu programu mara elfu ni kukagua mbuzi elfu wa zizi lisilo na mwisho, na hapa Isiolo sijaona mnunuzi anayelipia kundi zima kwa kumpapasa mbuzi mmoja. Ninayoihofia zaidi ni programu endeshi, kwa maana ndiyo inayozigawia nyingine zote nafasi na kuzizuia zisiingiliane. Kiini chake kikikosea, vilivyo juu yake vimekwisha.

Mwaka wa 2009 watafiti wa Sydney, Australia, walikithibitisha kwa hisabati kiini kiitwacho seL4, kama tunavyothibitisha kanuni ya Pythagoras: si kwa kupima pembetatu moja moja, bali kwa hoja inayozishika zote. Kiini kilikuwa na mistari 8,700 hivi ya lugha ya C. Uthibitisho ulifika mistari 200,000 hivi, ukakaguliwa na programu nyingine, Isabelle, maana binadamu angesinzia. Majaribio ya kawaida yalikuwa yamefichua makosa 16. Uthibitisho ukafichua mengine 144.

Ati sasa tulale? La. Uthibitisho husema tu kwamba programu inatimiza maagizo yaliyoandikwa. Maagizo yakiwa mabovu, itayatimiza na ubovu wake. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopia, ET302, ilianguka ikija Nairobi kutoka Addis Ababa. Walikufa watu 157, Wakenya 32 wakiwamo. Programu iitwayo MCAS iliisukuma pua ya ndege chini tena na tena, kwa kuamini kifaa kimoja cha kupimia kilichotoa habari za uongo. Ilikuwa ikitii ilivyoamriwa. Utiifu huo hisabati ingeweza kuuthibitisha bila shida. Kama kifaa kimoja kinatosha kuaminiwa, hilo lilikuwa swali la watu. Baadaye programu ilibadilishwa ilinganishe vifaa viwili.